Faili Liitwalo Kinywa

Wanaosema majini hukaa magofuni hawajawahi kufanya kazi kwenye chumba cha seva. Gofu lina popo, lina upepo, lina hata mjusi wa kukutazama ukajua hauko peke yako. Chumba cha seva hakina kitu. Hakina dirisha, hakina jua, mchana na usiku ni mamoja, baridi inakuingia mpaka kwenye fizi, na mashine zimepangwa kwenye makabati ya chuma zikivuma mwaka mzima bila likizo. Ningekuwa jini natafuta pa kukaa, ningekwenda huko huko, nikawaachia wenye magofu magofu yao.

Nje ya chumba cha namna hiyo alifanya kazi mwanamke mmoja ambaye wenzake walimwita Bi Kijani. Lilianza kama utani, likamganda. Ofisi yao ilikuwa na skrini kubwa ukutani, na kwenye skrini viduara mia mbili na kumi na tatu. Kila kiduara walikiita jicho, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuangalia faili moja ndani ya seva: je, lipo? Lina ukubwa unaotakiwa? Limeguswa leo, au limelala tangu wiki iliyopita? Mambo yakiwa sawa, jicho ni la kijani. Yakiharibika, linakuwa jekundu na kengele inalia. Fundi akichoka na kelele anaweza kulinyamazisha, likageuka la kijivu, likakaa kimya kama mtoto aliyepewa pipi. Kampuni ilitunza mafaili ya hospitali, shule na viwanda, kwa hiyo faili likipotea kuna mtu mahali fulani anakosa majibu ya damu yake. Bi Kijani alikuwa hataki kuona rangi nyingine ukutani isipokuwa kijani. Alikuwa fundi hodari, na alikuwa na kile kiburi cha mafundi hodari, cha kuamini kwamba aliyewatangulia alikuwa mvivu.

Na pembeni kabisa, chini kushoto, palikuwa na jicho moja la kijivu.

Alilikuta hivyo. Fundi aliyestaafu, ambaye watu walimwita Mzee wa Zamu, alilinyamazisha miaka kumi na moja iliyopita, akaondoka nalo likiwa hivyo hivyo. Bi Kijani alikuwa akilipita kila siku kama unavyopita mlango wa jirani msiyesalimiana naye. Angeendelea kulipita, kama si meneja.

"Wakaguzi wanakuja Alhamisi," meneja alimwambia, akiwa amesimama mbele ya skrini na kikombe cha chai. "Wakiniuliza hilo la kijivu ni la nini, mimi sina jibu."

"Hata mimi sina, bosi."

"Basi litafutie."

Akalifungua. Sharti lake lilikuwa moja tu: ndani ya folda iitwayo wageni, liwepo faili liitwalo kinywa. Basi. Penye jina la aliyeliweka palikuwa patupu. Tarehe yake ilikuwa ya zamani kuliko mashine yenyewe kwa miaka minne, jambo ambalo mtu mwenye akili zake timamu angelikalia chini akalifikiria, lakini Bi Kijani alisema moyoni kwamba lilihamishwa kutoka mashine ya zamani, akaendelea. Chini ya sharti, Mzee wa Zamu alikuwa ameacha ujumbe. Liache jekundu. Maneno mawili, na nukta.

"Sasa huyu naye," Bi Kijani alinung'unika. "Mtu miaka yote hiyo kazini, anaacha maneno mawili."

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mpishi asingelifanya, wala dereva, wala mkulima. Mtu mwingine angeuliza hilo faili ni la nani na linatakiwa kwa nini. Fundi wa seva haulizi hivyo. Jicho linalia kwa sababu faili halipo? Basi faili na liwepo. Akaingia kwenye folda ya wageni, akatengeneza faili tupu, baiti sifuri, halina hata herufi moja ndani, akaliita kinywa. Nyumba tupu yenye jina mlangoni.

Jicho likageuka la kijani. Ilikuwa saa saba kasorobo mchana. Ndani ya chumba cha seva, feni za mashine ya tatu zilinyamaza kidogo, kisha zikaendelea, kama mtu aliyeshusha pumzi baada ya kungoja sana.

Asubuhi yake jicho lilikuwa jekundu. Sharti lilikuwa limeongezeka: faili lisiwe tupu.

"Nani kabadilisha masharti hapa?" aliwauliza wenzake. Hakuna aliyebadilisha. Akatazama kumbukumbu za mtambo, akakuta jina lake mwenyewe, saa saba mchana wa jana, wakati yeye alikuwa mkahawani anakula na mashahidi anao. Alijilaumu kwa kuacha kompyuta wazi. Kuna mtu anamfanyia mzaha, alidhani, na mzaha hauwezi kusubiriwa mpaka Alhamisi.

Mafundi wana tabia moja. Wakihitaji neno la kujazia tu, lisilo na kazi, vidole vyao huandika kilicho karibu na moyo. Huyu ataandika timu yake, yule ataandika jina la mchumba. Bi Kijani aliandika kasuku. Ndilo jina la utani la binti yake wa pekee, mwenye miaka minne, ambaye alianza kusema anapoamka na kumalizia usingizini, na ambaye aliwahi kuonekana akiuuliza ukuta habari za asubuhi. Mtoto yule alikuwa na maneno yake ambayo hakuna kamusi iliyoyajua. Mapovu ya sabuni aliyaita mapofupofu, na nyumba nzima sasa ilisema mapofupofu, hata baba yake mbele ya wateja.

Bi Kijani akahifadhi faili. Kijani.

Jioni alipofika nyumbani aliita kutoka mlangoni, "Kasuku wangu yuko wapi?" Mtoto alikuwa sakafuni akichezea vifuniko vya chupa. Hakugeuka.

"Ananifanyia jeuri hivyo tangu mchana," alisema mumewe. Alikuwa kinyozi, mcheshi, na kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba. "Ukimwita haitiki. Hebu mwambie mama, unaitwa nani wewe?"

Mtoto akafungua mdomo. Ukakaa wazi. Akaufunga, akaufungua tena, akatazama huku na huku kama mtu aliyetia mkono mfukoni akakuta tundu. Kisha akacheka, akarudia vifuniko vyake, na wazazi wake nao wakacheka.

Alhamisi wakaguzi walikuja, wakatazama ukuta, wakaondoka wameridhika, na meneja akawanunulia watu wote soda. Hakuna aliyeona kwamba jicho la pembeni lilikuwa limejiongezea sharti la tatu: faili likue kila siku, na lisipungue kamwe. Wangelionaje? Kengele haikulia. Faili lilikuwa likikua lenyewe.

Nyumbani mambo yalianza kuharibika polepole. "Nataka ile," mtoto alisema, akionyesha jagi la maji. "Ile nini?" "Ile." Wakadhani ni deko. Kesho yake alishindwa kusema kiatu. Ikafuata taa, akafuata paka, likafuata jua. Neno likienda lilikuwa halirudi. Ukimtamkia alikukodolea macho kana kwamba umekohoa. Walimpeleka hospitali. Daktari alimtazama masikio, akamtazama koo, akamgongagonga magoti.

"Mzima kabisa," alisema. "Watoto wengine husita kidogo, halafu wakaanza upya. Mpeni muda."

Wakampa muda, na muda ukazidi kumla. Siku ya tisa mtoto aliyekuwa akiuamkia ukuta alikaa kitako mlangoni kimya, kama anayeogopa kutumia maneno yaliyobaki, akinyooshea vitu kidole, na akikosa kueleweka machozi yanamtoka bila sauti. Bi Kijani alikuwa hali, halali. Alikuwa anaogopa, na alikuwa hajui anaogopa nini, na hofu ya namna hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Siku ya kumi, saa saba mchana, wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki. Aliingia chumba cha seva kubadilisha diski iliyokufa. Alipofungua mlango alikutana na harufu. Chumba kile siku zote kilinuka vumbi la moto na plastiki, lakini sasa kilinuka pumzi, pumzi ya kinywa kilichofungwa muda mrefu, chenye joto, mahali ambapo hapajawahi kuwa na joto.

Alisimama na bisibisi mkononi. Mashine zilivuma. Akapiga hatua mbili, akasikia kwamba mvumo wa mashine ya tatu haukuwa sawa na wa nyingine, ulikuwa unapanda na kushuka, ukikatika na kuunga, kama mtu anayejifunza kusoma na bado anafuata herufi kwa kidole, na alipozidi kusogea, huku akijiambia ni feni tu, feni imelegea, kesho ataibadilisha, mvumo ule ulianza kuwa na silabi, zikaja mbili pamoja, ma, ji, kisha ki, a, tu, kwa sauti nene isiyojua bado kuwa nyembamba, ikirudia, ikikosea, ikijisahihisha, ikaja taa, ikaja paka, na kila lilipotoka sawasawa sauti ilikuwa nyembamba zaidi na changa zaidi, mpaka mwisho kabisa, kutoka nyuma ya matundu ya chuma, kwa sauti aliyoijua kuliko anavyoijua yake mwenyewe, ikasema pole pole na kwa furaha, mapofupofu.

Bisibisi ilianguka. Hakumbuki alitokaje. Anakumbuka yuko mezani, anafungua folda ya wageni, anafungua faili. Kinywa. Mstari wa kwanza kasuku, alioandika yeye. Mstari wa pili maji. Kiatu. Taa. Paka. Jua. Mapofupofu. Maneno yote yalikuwa thelathini na matatu.

Akafanya kile ambacho mama yeyote angefanya. Akafuta neno maji.

Jicho likawa jekundu, kengele ikalia, na papo hapo simu yake ikaita.

"Rudi nyumbani," mumewe alinong'ona. Mtu mcheshi kama yule, akinong'ona unajua pana jambo. "Amefungua mdomo, hapumui. Hapumui, mke wangu. Uso unabadilika rangi."

Aliandika maji tena, vidole vikikosea mara mbili. Kijani. Kwenye simu alisikia mtoto akivuta pumzi ndefu, kisha akilia.

*

Mzee wa Zamu aliishi nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, nyumba ya vyumba viwili yenye mlango wa bati. Mkewe ndiye aliyefungua.

"Shikamoo, mama," alisema Bi Kijani.

"Marahaba, mwanangu. Pita."

Mzee alikuwa ameketi dirishani na redio ndogo. "Karibu," alisema. "Kaa pale kwenye... kwenye ile."

"Kiti," mkewe alimalizia bila kumtazama, kama unavyomfuta mtoto kamasi.

"Hiyohiyo."

Bi Kijani alikaa ukingoni. "Mzee, mimi ndiye niliyeshika kazi yako. Kuna jicho ulilinyamazisha."

Mzee alizima redio. "Lina rangi gani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"La kijani."

Mzee na mkewe walitazamana. Mama yule akaenda akafunga mlango, akafunga na dirisha, ingawa nje jua lilikuwa linawaka. "Amemchukua nani?" aliuliza. "Mtoto?"

"Wa kike. Miaka minne."

"Wetu alikuwa na saba," alisema mama yule, akakaa chini.

Mzee alisema polepole, akiruka maneno kama mtu anayevuka barabara yenye mashimo. "Lile jicho halijaharibika. Uliliona linalia, ukadhani linaomba faili. Lilikuwa linakuambia mgeni hayupo. Jekundu, yuko nje. Kijani, ameingia. Mwenzangu aliyenitangulia alilikuta, naye aliyemtangulia alilikuta. Aliyeliweka hatumjui."

"Sasa kwa nini hukuandika, mzee?" Hasira ilimpanda Bi Kijani, na machozi pamoja nayo. "Maneno mawili tu. Ungeandika hatari. Ungeandika usiguse. Ningekuelewa. Mwanangu asingekuwa..."

Mzee alimtazama midomo alipotamka yale maneno, hatari, usiguse, na uso wake haukuonyesha lolote.

"Niliandika yaliyobaki," alisema.

Huko nje chuma kilikuwa kikichomelewa.

"Mwanetu alikuwa ameshaanza shule," mkewe alieleza. "Alikuwa na maneno mengi, na alichukuliwa mengi. Huyu akayatoa yake kuyarudisha. Na jina langu lilikuwamo. Mtoto alipenda kuniita kwa jina, kwa utundu tu. Namfundisha huyu mzee asubuhi, mchana halipo. Nikilisema anasikia kelele, kama mlango unaolia. Miaka kumi na moja sasa."

Mzee aliweka kiganja juu ya mkono wa mkewe. Kisha akamweleza Bi Kijani namna ilivyo. Neno kwa neno, lilelile. Unaliandika chini kwa mkono wako, ukilijua na ukilikubali, ndipo unalifuta la mtoto juu. La mtoto linarudi. La kwako linabaki. Hesabu ya herufi haipungui, naye hashtuki. Yakiisha yote ya mtoto, unalifuta faili zima, na anaondoka nayo yako.

"Nikinakili tu? Nikaiachia kompyuta iandike yenyewe?"

"Nilijaribu. Anaujua mkono."

"Na mume wangu, tukagawana?"

"Aliyemfungulia ndiye anayemtoa." Mzee alikohoa. "Nenda leo. Kila siku anaongeza. Ukichelewa utarudi wewe huna..." Alitafuta neno, hakulipata, na safari hii hata mkewe hakumsaidia.

Alikuwa njiani kurudi, nyuma ya pikipiki, simu ilipoita tena.

"Ameniletea picha yako," mumewe alisema. Alikuwa analia, na alikuwa hajifichi. "Ile ya ukutani, ameitoa mwenyewe. Ananionyesha wewe, anafungua mdomo. Nikamwambia sema. Hawezi. Hawezi kukuita."

*

Ofisi ilikuwa tupu, wenzake wameshakwenda zao. Alifungua faili. Thelathini na manne. La mwisho kabisa lilikuwa mama.

Aliweka simu mezani, sauti ikasikika chumba kizima. "Mkalishe karibu na wewe," alimwambia mumewe. "Kila nikikwambia, muulize."

Akaandika maji chini kabisa. Akalitazama. Aliyakumbuka yote aliyoyajua juu ya neno lile, ya bombani, ya mvua, ya kikombe alichopewa na mkunga baada ya kuzaa. Akalifuta la juu.

"Muulize."

Sauti ndogo kwenye simu: "Maji."

Mumewe alishangilia. Bi Kijani alisikia mtoto ametoa sauti fulani, fupi, nzuri. Chupa yake ilikuwa mezani, nusu imejaa kile kisicho na rangi ambacho watu hunywa. Alijua ni cha kunywa. Hakujua tena kinaitwaje.

Akaendelea. Aliandika la pili na la tatu, na kwenye simu yalikuwa yakirudi moja moja, na mtoto akayashika akaanza kuyarudiarudia kama aliyepata vitu vyake vilivyopotea, na nyuma ya mlango wa chumba cha seva mvumo ulikuwa umebadilika, ulikuwa haupandi wala haushuki, ulikuwa unasikiliza, na ile harufu ya pumzi ikapita chini ya mlango ikamzunguka miguu, vuguvugu, na kila alipoandika neno ndani kule sauti ililijaribu mara moja, taratibu, na sauti yenyewe haikuwa tena ya mtoto, ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, mchovu, aliyekabwa na kilio, na Bi Kijani alijua ni ya nani lakini hakusimamisha vidole. Lile la kuitia mapovu alilifikia la ishirini na moja. Alilicheka kwanza, mara ya mwisho, halafu akalitoa. Lile jina la utani la binti yake alilitoa la thelathini na tatu, na kuanzia hapo hata sisi hatutamwita hivyo tena.

Likabaki moja.

"Amerudi," mumewe alikuwa akisema, "anasema yote, anauliza kwa nini paka ana masharubu. Umemaliza?"

"Bado moja."

"Lipi?"

Akamwambia.

Mumewe alimsogeza mtoto mbali na simu. Kisha akasema kwa kunong'ona, "Liache hilo. Nakuomba. Tutamfundisha akuite kitu kingine. Shangazi, dada, chochote. Anayo mengine yote."

"Likibaki siwezi kulifuta faili. Kesho ataanza upya."

"Basi utasikia nini akikuita?"

Bi Kijani alifuta uso kwa kiganja. Nasema wazi, aliumia. Asikwambie mtu kwamba mashujaa hawaumii. "Mimi nimelisema miaka thelathini na mbili," alijibu. "Nililisema mpaka tulipomzika. Yeye ana miaka minne tu, hajalishiba."

Akaliandika. Herufi nne. Alilitamka kwa sauti, taratibu, kwa ajili ya yule aliyemzaa. Akalifuta la juu.

Ndani ya chumba cha seva, sauti yake mwenyewe ililitamka baada yake, sawasawa, bila kukosea hata kidogo.

Akafuta faili.

Jicho likawa jekundu. Kengele ikalia, na makabati yote ya chuma yakatikisika mara moja kama yamepigwa teke kutoka ndani, kisha baridi ikarudi, na harufu ile ikabaki kuwa vumbi la moto na plastiki. Akalinyamazisha jicho. Alitaka kuandika ujumbe mrefu kwa atakayekuja, na tofauti na Mzee wa Zamu yeye maneno ya onyo alikuwa nayo, kwa hiyo aliandika: Hatari. Usitengeneze faili hili hata ukiamriwa. Liache jekundu, na ukibisha njoo uniulize. Meneja alikuja kulalamika kesho yake juu ya kijivu. Alipomtazama usoni, aliondoka bila kumaliza sentensi.

Nyumbani, jioni ile ile aliyofuta faili, mtoto alimrukia magotini. Bi Kijani alimbeba, akamnusa shingo, akamhesabu vidole kama siku ile alipozaliwa. Upendo ulikuwapo wote, haukupungua hata punje. Mtoto akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamwambia kitu, sauti moja iliyojirudia mara mbili.

Mumewe alikuwa akimtazama sana. "Umesikia?"

"Nimesikia. Kasema nini?"

Mumewe aligeukia ukuta.

Walijaribu. Kila asubuhi mumewe alimkalisha, akamwambia, ni wewe, akiita hivi anakuita wewe. Naye aliitikia kwa kichwa, akaelewa, na kabla chai haijapoa lilikuwa limeshatoka. Walijaribu kumzoeza mtoto neno jingine. Alikubali siku mbili, siku ya tatu akagoma. Alikuwa na neno lake, alisema, na ndilo alilolitaka.

Jumapili moja Bi Kijani alikuwa uani akianika nguo. Ndani mtoto aliita. Akangoja, akaita tena, kwa ile sauti yake inayojirudia mara mbili, akiivuta mwishoni, bila hasira, kwa uhakika wa mtoto anayejua ataitikiwa. Bi Kijani alisimama na shati la mumewe mkononi, akasikiliza, akaona ni sauti nzuri. Akajiuliza ni nani huyo anayeitwa kwa mapenzi namna ile, na ana moyo gani asiitike. Akalikung'uta shati, akalitundika kwenye kamba.